Shingo imevimba baada ya chanjo: Mzazi afanye nini?

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

CHUKULIA binti wa miaka 12 anayesoma katika moja ya shule za msingi za Kata ya Dutwa, wilayani Bariadi. Wahudumu wa afya wamepita shuleni na kumchoma chanjo ya HPV, ile ya kumkinga na saratani ya mlango wa kizazi. Wiki tatu baadaye mama yake anamsuka nywele na kuona mbele ya shingo pamejaa.

Jirani anasema ni chanjo. Bibi anasema ni rovu la ukoo, hata shangazi yake alikuwa nalo. Mwingine anataja mganga. Wakati huohuo mdogo wake binti huyo ametimiza miaka tisa na zamu yake ya kuchanjwa imefika. Mzazi ajibu nini shuleni?

Swali hili si la kubezwa. Mzazi anayeuliza kuhusu usalama wa chanjo anafanya kazi yake ya uzazi, na anastahili jibu kamili badala ya kuambiwa tu asiwe na wasiwasi.

Jibu kwa ufupi ni hili: yapo matatizo ya tezi ya shingo yaliyoonekana kwa baadhi ya watu baada ya kuchanjwa, hasa chanjo za UVIKO-19. Ni machache, mengi hupona na yote yana matibabu. Lakini uvimbe mwingi wa shingo unaojitokeza baada ya chanjo una chanzo kingine, na mzazi akishaamua kwamba ni chanjo tu, chanzo hicho hakitafutwi tena. Hapo ndipo mtoto anapoumia.

Tezi hii ni ipi?

Inaitwa tezi ya thairoidi. Ipo mbele ya shingo, chini kidogo ya kongoromeo, na umbo lake linafanana na kipepeo aliyetandaza mabawa. Kazi yake ni kuchukua madini joto yaliyomo kwenye chakula na kutengeneza homoni zinazopanga kasi ya mwili: moyo upige kwa haraka kiasi gani, chakula kichomwe vipi, mtoto arefuke na ubongo wake ukue.

Ikitoa homoni nyingi kupita kiasi, mwili huenda mbio. Ikitoa kidogo, mwili huzubaa. Ikivimba kwa sababu yoyote, uvimbe huo ndio tunaouita rovu au goita. Mtu anaweza kuwa na rovu huku homoni zake zikiwa sawa kabisa, na anaweza kuumwa thairoidi bila shingo kuvimba hata kidogo.

Magonjwa mengi ya tezi hii hutokea pale kinga ya mwili inapokosea na kuishambulia tezi yenyewe kana kwamba ni adui. Hayo huwapata wanawake na wasichana zaidi ya wanaume, na mara nyingi hutembea katika ukoo.

Yaliyoonekana baada ya chanjo za UVIKO-19

Tanzania ilizindua chanjo ya UVIKO-19 Julai 28, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani jijini Dar es Salaam. Mwaka huohuo madaktari wa nchi mbalimbali walianza kuandika kuhusu wagonjwa wa thairoidi waliougua muda mfupi baada ya kuchanjwa.

Nchini Uturuki waliripotiwa wahudumu watatu wa afya, wote wanawake, waliopata maumivu ya tezi ya shingo baada ya chanjo iliyotengenezwa kwa virusi vilivyouawa. Nchini Mexico waliripotiwa wahudumu wengine wawili ambao tezi zao zilianza kutoa homoni nyingi kupita kiasi baada ya chanjo ya Pfizer. Ripoti za aina hiyo ziliendelea kutoka nchi nyingine.

Tatizo lililotajwa zaidi ni uvimbe wenye maumivu wa tezi. Mgonjwa huumwa mbele ya shingo, maumivu hupanda hadi kwenye taya au sikio, hupata homa na moyo kwenda mbio. Mara nyingi huanza siku chache hadi wiki chache baada ya sindano. Tezi iliyojeruhiwa huvujisha homoni zilizokuwa zimehifadhiwa ndani yake, kisha huzubaa kwa muda, halafu wengi hurudi katika hali ya kawaida ndani ya wiki au miezi kadhaa. Wachache hubaki na tezi iliyolegea na huhitaji dawa ya kudumu.

La pili ni ugonjwa wa Graves, ambapo kinga ya mwili huichochea tezi ifanye kazi bila kupumzika. Huu hauishi wenyewe kirahisi. Unahitaji matibabu ya muda mrefu.

Kwa nini chanjo ihusishwe? Chanjo huiamsha kinga ya mwili, na hiyo ndiyo kazi yake. Wataalamu wanadhani kwa watu wachache ambao kinga yao tayari ilikuwa na mwelekeo wa kuikosea thairoidi, kuamshwa huko kunaweza kuwa kichocheo cha mwisho. Maelezo hayo bado yanachunguzwa.

Mambo mawili yawekwe kwenye mizani. Kwanza, duniani zimetolewa zaidi ya dozi bilioni 13 za chanjo za UVIKO-19, wakati wagonjwa wa thairoidi walioelezwa katika mapitio ya majarida ya kitabibu ni wa kuhesabika kwa mamia. Wapo ambao hawakuandikwa, lakini hata wakiongezwa tatizo linabaki kuwa adimu.

Pili, ugonjwa wenyewe wa UVIKO-19 nao huiumiza tezi hii. Mwaka 2020, kabla chanjo hazijaanza kutolewa kwa umma, madaktari wa Italia walieleza kuhusu msichana wa miaka 18 aliyepata uvimbe wenye maumivu wa thairoidi baada ya kuugua UVIKO-19.

Vipi kuhusu chanjo ya HPV ya mabinti?

Hili ndilo linalowagusa wazazi wengi wa Simiyu leo. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Tangu Aprili 2024 hutolewa dozi moja kwa wasichana wenye umri wa miaka tisa hadi 14.

Suala la thairoidi limechunguzwa kwa chanjo hii. Utafiti mmoja wa California, Marekani, uliochapishwa mwaka 2012 na kugharamiwa na mtengenezaji wa chanjo, uliwafuatilia wasichana na wanawake 189,629 waliochanjwa. Mwanzoni ulionyesha kwamba ugonjwa wa Hashimoto, ambao hulegeza thairoidi, ulionekana kwa kiwango cha juu kidogo miongoni mwao. Watafiti wakarudi kuchunguza wagonjwa hao na lini dalili zao zilianza. Hawakupata ushahidi unaoshikamana kwamba chanjo ndiyo chanzo.

Mwaka uliofuata ukatoka utafiti mkubwa zaidi wa Denmark na Sweden. Uliwahusisha wasichana 997,585 wenye umri wa miaka 10 hadi 17, na kati yao 296,826 walikuwa wamechanjwa. Magonjwa ya thairoidi yalikuwemo katika orodha ya yaliyofuatiliwa. Watafiti hawakuona kwamba waliochanjwa waliyapata zaidi ya wenzao ambao hawakuchanjwa.

Upande wa pili wa mizani upo saratani yenyewe. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Kwa makadirio ya kimataifa, kila mwaka hugundulika wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 nchini na hufa zaidi ya 6,000. Wengi hufika hospitali ikiwa imeshasambaa.

Kwa hiyo yule mdogo wa miaka tisa achanjwe. Uvimbe wa shingo ya dada yake hauzuii chanjo yake. Na dada mwenyewe apelekwe kupimwa, kwa sababu shingo iliyovimba ni jambo la kuchunguzwa hata kama hajawahi kuchomwa sindano yoyote.

Kufuatana si kusababishana

Umri wa kupewa chanjo ya HPV ni umri ambao msichana anavunja ungo. Katika miaka hiyohiyo thairoidi hufanya kazi zaidi, rovu la balehe hujitokeza, na magonjwa ya kinga kushambulia tezi huanza kuonekana. Ukiwachanja mabinti wote wa umri huo, lazima wapo watakaovimba shingo mwezi unaofuata, kama ambavyo wangevimba bila kuchanjwa.

Mfano mwingine unawahusu wazazi wenye watoto wachanga, na huu ndio wa hatari zaidi.

Duniani, takriban mtoto mmoja kati ya 2,000 hadi 4,000 huzaliwa na thairoidi isiyofanya kazi ipasavyo. Siku za kwanza huonekana mzima, kwa sababu bado ana homoni alizopata kwa mama yake tumboni. Dalili huja polepole: manjano isiyoisha, kulala mno, kunyonya kwa uvivu, choo kigumu, sauti nzito ya kilio, ulimi mkubwa, kitovu kilichotokeza na mwili kulegea.

Sasa tazama kadi ya kliniki. Mtoto huyo huchanjwa anapozaliwa, kisha wiki ya sita, ya 10 na ya 14. Dalili zinakua katikati ya sindano hizo. Mama anakumbuka kwamba mtoto alikuwa sawa kabla ya chanjo, na familia inaamua kwamba sindano imemwharibu. Wanaacha kliniki.

Kumbe ugonjwa alizaliwa nao, na dawa yake ni kidonge cha kila siku cha homoni iliyopungua. Akianzishiwa ndani ya wiki chache za mwanzo, hukua na akili yake kama watoto wengine. Akicheleweshwa kwa miezi, ubongo hupata madhara ambayo hayarudi nyuma. Nchi nyingi humpima kila mtoto mchanga kwa tone la damu la kisigino. Kwetu kipimo hicho si cha kawaida kwa kila anayezaliwa, hivyo jicho la mzazi na la muuguzi wa kliniki ndilo kipimo cha kwanza.

Si kila uvimbe ni thairoidi

Kabla ya kuhitimisha, mpe mtoto kikombe cha maji, akae kwenye mwanga, anyanyue kidevu kidogo na ameze. Uvimbe wa thairoidi uko mbele, chini ya kongoromeo, na hupanda juu anapomeza kisha hushuka.

Uvimbe ulio pembeni ya shingo, juu ya mfupa wa bega au kwapani, upande uleule aliochomwa sindano, mara nyingi ni tezi za kinga zilizoamka kwa ajili ya chanjo. Huo hupungua wenyewe. Ukidumu zaidi ya wiki chache, ukikua, au ukiambatana na kikohozi, kukonda na jasho la usiku, apimwe kifua kikuu. Uvimbe chini ya sikio na kwenye taya, wenye homa, huenda ni matumbwitumbwi.

Jaribio hilo la maji halichukui nafasi ya daktari. Linakusaidia kueleza vizuri unapofika kwake.

Dalili za kuangalia nyumbani

Tezi ikizidisha homoni, mtoto hukonda ingawa anakula, moyo humwenda mbio hata akiwa amekaa, mikono hutetemeka, hutoka jasho, hapati usingizi na huwa mwepesi wa hasira. Mwalimu anaweza kuwa wa kwanza kugundua kwamba mwandiko umeharibika na utulivu umepotea.

Tezi ikilegea, mtoto huchoka, husikia baridi wakati wenzake wana joto, ngozi hukauka, choo huwa kigumu, uso hujaa na masomo hushuka. Hedhi ya binti inaweza kuvurugika. Dalili moja wazazi wengi huikosa: mtoto huacha kurefuka. Sare ya shule iliyomtosha mwaka juzi bado inamtosha.

Usisubiri siku ya gulio iishe kama mtoto anapumua kwa shida, anashindwa kumeza, ana homa kali pamoja na moyo kwenda mbio, au amechanganyikiwa. Hiyo ni dharura.

Ukifika hospitali

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kipimo kinachotakiwa ni cha damu, kinaitwa TSH, pamoja na vipimo vya homoni zenyewe. Hakipatikani kila zahanati, hivyo omba rufaa. Kwa wakazi wa Dutwa hatua inayofuata ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu mjini Bariadi, na ikibidi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza, safari ambayo hupitia barabara ya lami ya Lamadi.

Matibabu hutegemea tatizo, na hapa kosa ni rahisi kutokea. Uvimbe wenye maumivu hutibiwa kwa dawa za kutuliza maumivu na uvimbe. Ukiwa mkali, daktari anaweza kutoa prednisolone kwa muda. Propranolol husaidia moyo unaokwenda mbio, lakini mweleze daktari kama mgonjwa ana pumu. Carbimazole, ambayo ni dawa ya ugonjwa wa Graves, haina kazi kwa mgonjwa wa aina hii, kwa sababu tezi yake haitengenezi homoni mpya bali inavujisha za zamani. Ndiyo maana dawa ya jirani isitumike, hata kama shingo zenu zimevimba sawa.

Anayetumia carbimazole akipata homa na koo kuuma aende hospitali siku hiyohiyo akapimwe damu. Mara chache dawa hiyo hupunguza chembe nyeupe zinazopambana na maambukizi.

Kuchanjwa chale shingoni hakuondoi rovu. Huongeza vidonda, na wembe wa kuchangia huleta maambukizi mengine.

Macho mekundu si uchawi

Ugonjwa wa Graves huweza kuyatokeza macho nje, kuyafanya mekundu na kuyatoa machozi. Katika Kanda ya Ziwa jambo hili ni zito. Vikongwe wamewahi kuuawa katika mikoa yetu kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yakawa ndio ushahidi pekee. Mengi ya macho hayo yaliharibiwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Mengine huenda yalikuwa na ugonjwa ambao kipimo cha damu kingeuonyesha. Bibi mwenye macho hayo, au binti, anahitaji kupelekwa kwa daktari na kulindwa na watu wa nyumbani kwake.

Usisahau chumvi na udaga

Chanzo cha rovu kinachojulikana zaidi nchini ni upungufu wa madini joto, hasa Nyanda za Juu Kusini. Baada ya serikali kuweka kanuni za kuongeza madini joto kwenye chumvi katika miaka ya 1990, hali ilibadilika sana. Miaka ya 1980 watoto kama 25 kati ya 100 waliopimwa walikuwa na rovu. Uchunguzi wa mwaka 2004 ulikuta kama saba.

Nyumbani, nunua chumvi iliyofungwa na kuandikwa kwamba ina madini joto. Ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na moto, na itie chakula kinapokaribia kuiva. Chumvi ya mawe inayouzwa kwa kopo sokoni huenda haina madini hayo. Hakuna haja ya kuongeza kiasi, ni aina tu ya chumvi inayobadilika.

Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vizuri huacha sumu ambayo huizuia thairoidi kupata madini joto. Udaga uliovundikwa na kuanikwa ipasavyo hauna shida hiyo. Tatizo huja mwaka wa njaa, watu wanapofupisha siku za kuloweka.

Toa taarifa, tunza kadi

Ukihisi mwanao amepata tatizo baada ya chanjo yoyote, mweleze mhudumu wa afya na umwombe ajaze fomu ya madhara yanayohisiwa kutokana na chanjo. Taarifa hizo hufika Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Huhitaji kuwa na uhakika kwamba chanjo ndiyo chanzo; kazi ya kuchunguza ni ya wataalamu. Tatizo adimu hugunduliwa pale ripoti moja ya Bariadi inapokutana na nyingine ya Mbeya.

Mtu aliyewahi kupata tatizo la thairoidi baada ya dozi aongee na daktari kabla ya dozi nyingine ya chanjo hiyohiyo. Anayetumia dawa za thairoidi kwa sababu nyingine, na hali yake imetulia, kwa kawaida huchanjwa kama wengine.

Ukienda hospitali beba kadi ya chanjo, orodha ya dawa zote alizotumia, zikiwemo za kienyeji, na majina ya ndugu waliowahi kuwa na rovu. Ikiwezekana, piga picha ya shingo kwa simu yako leo na nyingine baada ya wiki, kwenye mwanga uleule. Daktari akiona picha mbili zenye tarehe atajua mengi kabla hajamgusa mtoto.